Jina Nililomnong'oneza Tabu

Wifi yangu Furaha ana mimba ya miezi minane, na kila asubuhi kabla sijatia uzi kwenye cherehani ananitumia ujumbe wa sauti wenye jina ndani yake. Hataki kupima kujua ni wa kike au wa kiume, anasema atamwona akifika. Kwa hiyo anatafuta jina litakalomfaa yeyote atakayetoka, na simu imemtembeza dunia nzima. Jumatatu alikuja na Akira, la Wajapani, eti maana yake ni mwangaza. Jumanne ikawa Ayo, la Wayoruba wa Naijeria, maana yake furaha, akacheka sana kwamba hilo ni la kwake mwenyewe limebadilishwa nguo. Jumatano Tendai, la Washona, la kushukuru. Alhamisi akapita kwa Wasukuma, ambao mapacha wao ni Kulwa na Doto, wawe wasichana wawe wavulana, akasikitika kuwa tumbo lake lina mmoja tu. Mimi namjibu zuri hilo, wifi, na lile nalo zuri, halafu naendelea kukanyaga cherehani yangu hapa mjini Masoko.

Kwetu shangazi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya jina la mtoto, na shangazi ni mimi. Nilikuwa nimejipanga kukubali lolote, hata la Wajapani. Ijumaa akanitumia jina la tano. Tumezunguka kote, wifi, akasema, kumbe lenyewe lipo hapa hapa nyumbani. Bahati. Nilikuwa napindisha kaptula ya shule. Nilipokuja kuzinduka nilikuwa nimeushona mfuko ukaziba.

Sikumjibu. Jumamosi nilipanda basi mpaka njia panda, nikachukua bodaboda mpaka Kinjumbi kwa mama. Nilisema nimefuata vitambaa vya mtoto, na kwa kweli mama alikuwa ameniagiza nije nivichambue. Ana sanduku la bati lenye maua ubavuni, na nguo za humo huzitia karafuu maiti ili wadudu wasizisogelee. Alipofunua kifuniko harufu ikanipiga usoni. Harufu hiyo wengi huwakumbusha msiba, kwa kuwa marehemu naye hutiwa karafuu maiti kabla ya kuzikwa. Mimi hunikumbusha mtoto mchanga, hadi leo, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu.

Lazima nianze na jina langu mimi, maana kosa lote lilianzia hapo. Naitwa Sijaona. Aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa mwanamume, mdogo wake babu, aliyefariki mwezi mmoja kabla sijazaliwa. Kwetu jina la mzee aliyefariki haliachwi likapotea. Anapewa mtoto atakayefuata kuzaliwa, na kama jina lenyewe ni la kuvaliwa na wote, hakuna anayesubiri azaliwe wa kiume. Nikazaliwa mimi, nikawa yule mzee. Bibi yangu, mama yake baba, aliniita shemeji tangu sijajua kutambaa, kwa sababu marehemu alikuwa shemeji yake. Wazee walioingia jando pamoja naye walikuwa wakinikuta barazani wananiamkia shikamoo, nami nikiitika marahaba kwa sauti nzito niliyofundishwa, watu wanavunjika mbavu. Mjane wake kila akija aliniletea muhogo wa kuchoma na kuniuliza, mume wangu, umekula? Nilimwogopa kidogo yule bibi, lakini muhogo wake niliula wote.

Hivyo nilikua nikijua kwamba jina ni kitu cha kurithishana. Mwenyewe akiondoka, linakunjwa, linawekwa, anakuja mwingine, linakunjuliwa, anapewa. Hakuna aliyenieleza kuwa kuna majina mengine yasiyopita njia hiyo.

Nilipokuwa na miaka kama mitano mama alijifungua Bahati. Kabla yake alikuwapo Zawadi, aliyekaa siku nne, huyo simkumbuki. Bahati namkumbuka. Alikuwa msichana mwenye vifundo vya mikono vilivyojaa, na akinyonya alitaka lazima ashike sikio la mtu, na sikio lililokuwa karibu mara nyingi lilikuwa langu. Nilikaa kwenye mkeka shingo imepinda mpaka amalize. Aliishi miezi saba. Homa ilimshika wakati watu wako mashambani wanapalilia, na haikuchukua hata siku tatu.

Baada ya mazishi neno bahati likaondoka nyumbani kwetu. Mama alisema kheri, Bibi alisema nyota. Baba alipenda mpira wa redioni, na timu yake ikifungwa alisema haikuwa siku yetu, huku anamtazama mama kwa pembeni. Nguo za mtoto ziliingia sandukuni, juu kabisa kofia ndogo ya uzi mweupe. Kila sanduku likifunguliwa niliiona kofia ile, nikamwona na Bahati, na nikawa najiuliza kwa nini jina zuri hivyo linakaa bila mtu. Niliona kama wamelisahau.

Mama alipobeba mimba tena hakuna aliyeitaja. Jirani akiuliza mbona unanenepa, mama anasema ana gesi, gesi hiyo ikafika miezi tisa. Bibi naye alikwisha kuchagua jina mtoto akiwa tumboni. Ni Tabu, akasema, na sababu zake alizitoa huku anakuna nazi. Kitu chenye jina baya hakitamaniwi na mtu. Zawadi, na huyo mwingine, yalikuwa majina ya kumwita kila mpita njia aje kuchungulia. Tena Tabu ni wa kike na Tabu ni wa kiume, kwa hiyo mwenye jicho baya akiuliza mmepata nini, ataambiwa tumepata Tabu, na ataondoka hajui kitu. Mpaka arobaini ipite, mtu wa nje hataambiwa ni wa kike au wa kiume.

Bibi alikuwa anajua anachokifanya. Mimi sikujua. Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza, na mwalimu wetu alikuwa ametuzungusha mmoja mmoja kutuuliza maana za majina yetu. Nyuma yangu alikaa msichana anaitwa Shida. Zamu yake ilipofika alisimama, akafungua mdomo, akaanza kulia. Nilirudi nyumbani nimeshaamua kuwa ndugu yangu hataitwa Tabu. Nilihisi kabisa kwamba ukimwita mtu hivyo, tabu yenyewe itasikia inaitwa na itakuja.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Siku ya saba ilikuwa ya kumnyoa na kumpa jina, na nilikwisha kusikia kwa watu wazima kwamba baba atamsemea jina sikioni kabla ya kulitangaza. Kichwani mwangu hilo likawa na maana moja tu, kwamba atakayewahi sikio ndiye mshindi. Asubuhi ile Bibi alikuwa uani anachochea moto wa ubwabwa, baba amekwenda kumfuata mwenye kuchinja mbuzi. Niliingia chumbani. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani, khanga hadi begani. Mtoto alikuwa nyuma yake, macho wazi, anatazama dari ya makuti. Nilipanda kitandani kwa magoti, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia, dogo hata sikujua kama sauti itapita.

Nikamwambia, "Wewe ni Bahati."

Nikasema mara tatu ili lizame. Akapiga mwayo. Nikatoka, na ubwabwa wa siku ile nilikula sahani mbili, nikimtazama baba anavyolitangaza Tabu mbele ya watu na kumwonea huruma kwamba hajui amechelewa.

Furaha yangu ilidumu siku mbili. Siku ya tatu Bibi alikuwa akimenya mihogo na jirani yetu, Mama Fransisi, Mkatoliki kutoka milimani Umatumbi aliyeolewa pale kijijini. Mama Fransisi akauliza kwa upole, mbona hamkumrithisha mtoto jina la yule dada yake, kama mlivyomrithisha huyu la mzee? Bibi aliweka kisu chini. Akasema jina la mzee linarithiwa kwa sababu limeshaishi, limeshiba. La mtoto mchanga halijashiba. Ukimpa mtoto mwingine, jina litamla huyo mpya lipate kushiba. Ndiyo maana tunalizika naye, akasema, na hatulitaji.

Nilikuwa nimeshika ganda la muhogo. Nakumbuka ganda lile, lilivyo waridi kwa ndani, kwa kuwa nililitazama muda mrefu sana nikiogopa kuinua uso. Nilitaka kuamini kuwa halikuingia, kwamba alipopiga mwayo lilitokea mdomoni.

Kesho yake Tabu akakataa ziwa. Mchana akawa wa moto, jioni analia kilio chembamba kisicho na nguvu. Mama alimpakata, na Bibi akawa anaingia na kutoka. Mimi nikajiwekea zamu. Kila mama alipokwenda uani nilikimbilia kitandani nikamwambia mtoto sikioni, Tabu, Tabu, Tabu, nikihesabu kwa vidole, nikidhani nikifika mia jina la juu litalifunika la chini. Nilifika sitini na kitu baba akanikuta. Alidhani nambembeleza mdogo wangu. Alinishika kichwa akaniambia mimi ni dada mwema, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Nilikwenda nyuma ya choo nikajificha.

Asubuhi iliyofuata baba aliwapakia mama na mtoto kwenye baiskeli kwenda zahanati. Nilibaki na Bibi, na kimya cha nyumba ile kilinishinda. Nikamwambia. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, jinsi nilivyoingia, sikio gani, mara ngapi.

Bibi hakunipiga wala hakunifokea, na ningependa angefanya hivyo. Alikaa chini.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Alikuwa amelala."

"Basi mama yako asijue. Unanisikia, shemeji? Watoto wawili ameshazika. Akijua hili, moyo wake hautainuka tena. Utakaa nalo wewe na mimi."

Nikaitikia. Nilikuwa na miaka saba, na nilijua tayari kwamba mzigo ule nitaubeba muda mrefu.

Walirudi na dawa ya maji kwenye chupa na mtoto amekwisha kuchomwa sindano mbili, lakini homa ilikuwa bado. Alfajiri ya siku ya pili, watu wanatoka msikitini, niliamshwa na mlango wa uani. Nilimwona Bibi amembeba Tabu amemviringisha kwenye kipande cha gunia. Alikwenda moja kwa moja jaani, pale tulipomwaga majivu na vifuu vya nazi. Akamlaza juu ya takataka. Akageuka akaanza kurudi bila kutazama nyuma, na mama alikuwa amesimama mlangoni, anaona, hazuii.

Nilielewa kitu kimoja tu, kwamba wamemtupa. Nilimwambia Bibi kosa langu, naye ameona mtoto hawezi tena kuokolewa, wameamua waondokane naye kabla hajafa ndani. Nilikimbia. Nilikaa kwenye majivu nikamkumbatia pamoja na gunia lake, nikapiga kelele kwamba nitupwe mimi, mimi ndiye niliyekosea. Bibi alirudi haraka akaniziba mdomo kwa kiganja. Ondoka, shemeji, akaninong'oneza, unaharibu. Akanivuta mkono mpaka kwenye ua, na pale ndipo nilipomwona Mama Fransisi anakuja kwa njia ya nyuma na ufagio, kana kwamba anapita zake, kumbe walikwisha kupatana, ili kifo kidhani mtoto huyu hana mwenyewe.

"Nani ametupa mtoto hapa?" akauliza kwa sauti ya kusikika nyumba tatu.

"Si wetu huyo," Bibi akajibu. "Ni tabu tupu. Mwenye kuitaka aichukue."

"Basi namchukua mimi."

Akamwinua, akamkung'uta majivu, akazunguka nyumba nzima akaja kubisha hodi kwa mlango wa mbele. Akamwambia mama ameokota mtoto jaani, yeye hana maziwa, naomba uninyonyeshee. Mama akampokea mtoto wa watu. Akampa ziwa. Tabu akalishika, akaliacha, akalishika tena, na safari hii hakuliachia. Hadi leo akimkuta Mama Fransisi humwita mama, na yule bibi humdai shikamoo yake ya kwanza ya asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sijui ni sindano za zahanati zilizomponya au ni jaa. Hata leo nikiulizwa sitaapa kwa upande wowote. Ninachojua ni kwamba mtoto alipona na mimi sikupona. Alipoota meno nilikuwa namgusa paji la uso. Alipoingia maji kuogelea nilisimama ufukweni nikipiga kelele mpaka wenzake wakamcheka. Alipoanza kuendesha bodaboda nilimshonea koti la rangi ya chungwa linaloonekana maili nzima, akalivaa mara moja tu. Kila alipokohoa nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema lile neno mara tatu. Bibi alifariki nikiwa msichana mkubwa, na siku ile nililia kwa mambo mawili, kwamba ameondoka, na kwamba sasa nimebaki na siri peke yangu. Mama sikuwahi kumwambia. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nikimlinda moyo wake.

Ndiyo maana nilikaa mbele ya sanduku Jumamosi ile bila kugusa kitu. Mama alikuwa anatoa vitambaa kimoja kimoja, anavinusa, ananipa. Ameshakuwa mwepesi siku hizi, mifupa na maneno machache. Akatoa ile kofia ya uzi. Imekuwa ya manjano. Akaiweka kwenye goti lake.

"Furaha ameshapata jina?" akauliza.

Nilitaka kusema bado. Badala yake nikasema amepata, lakini nitamkataza, ni jina ambalo hapa nyumbani halisemwi, yeye ni mgeni, hajui. Nikaona mkono wa mama umetulia juu ya kofia. Nilijilaumu papo hapo kwa kufungua mdomo.

"Nilikuwa macho, Sija," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ya saba. Uliingia na magoti yenye majivu ukapanda kitandani. Nilikusikia mara zote tatu."

Nilijaribu kumwomba radhi, maneno yakawa yanagongana. Nikamwambia nilikuwa mtoto, nilidhani linarithiwa kama la kwangu, nilipojua nilikuwa nimeshalisema. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini aliniacha na jambo lile miaka yote.

"Ningekwambia nini?" mama akasema. "Wewe ulimwita mara tatu. Mimi nilikuwa nimeshamwita hivyo siku saba, kila nikimpa ziwa. Alipopata homa nilijua ni mimi. Mama mkwe alipombeba kumpeleka jaani, nilisema moyoni, mtupe, amwokote mtu asiyelijua jina lile. Nilichoogopa ni wewe kujua. Nilisema mtoto huyu akijua mama yake alimfanyia nini ndugu yake, hatanitazama tena."

Nje jogoo wa jirani alikuwa anawika bila sababu, na kwenye mkeka baina yetu kulikuwa na vitambaa vya mtoto ambaye bado hajaja. Nilimkasirikia, niseme ukweli. Nilihesabu haraka haraka homa zote nilizokesha nazo moyoni, yeye naye chumba cha pili anakesha nazo, na ukuta wa udongo katikati. Halafu hasira ikaniishia, nikaona jinsi alivyozeeka, nikaweka kichwa changu begani kwake pale harufu ya karafuu maiti ilipokuwa kali zaidi. Akanishika sikio.

Baadaye akasema nimjibu mke wa Tabu, si vizuri kumweka mja mzito akisubiri. Nikatoa simu, nikabonyeza pale pa kusemea. Nikasema, "Wifi, lile la Ijumaa," na jina lenyewe sikuweza kulisema. Woga ule wa mtoto wa miaka saba ulikuwa pale pale, haujazeeka hata siku moja.

Mama akaichukua simu mkononi mwangu. Hakuishika kama watu wanavyoishika. Aliisogeza mpaka karibu kabisa na midomo, akaikinga kwa kiganja kama mtu anayeongea na sikio dogo, akalisema mara tatu.